ROTC Marekani: binti yuko darasa la 11, mkataba unaanza kumbana siku gani hasa?

MamaWawili

Habari za humu ndani. Binti yangu yuko darasa la 11 hapa Marekani. Anataka kusoma uhandisi wa mitambo chuoni na wakati huohuo afundishwe uafisa wa jeshi kupitia ROTC (mpango wa kuandaa maafisa wa jeshi vyuoni), ili akihitimu atoke na shahada na kamisheni, yaani cheo cha uafisa, kwa pamoja. Simpingi, ila nataka nielewe kila kitu kabla hajatia saini popote.

Kwanza, mkataba unamfunga kuanzia lini? Kila ninayemuuliza ana jibu lake. Pili, wanalipa nini na nini kinabaki juu yetu. Tatu, akikwama katikati, GPA (wastani wa alama) ikishuka au akiamua hataki tena, deni ni la nani.

Familia yetu ina grini kadi (ukaazi wa kudumu). Baba yake ameshapeleka N-400, fomu ya kuomba uraia, na amepangiwa usaili. Binti anatimiza miaka 18 mwezi wa pili akiwa darasa la 12. Utotoni alikuwa na pumu, inhela ya mwisho aliandikiwa akiwa na miaka 11. Kuna sajenti wa kuandikisha askari alikuja shuleni kwao akampa kadi yake. Ampigie huyo?

ButiJeusi

Usiwe na wasiwasi dada. Miaka miwili ya kwanza ya ROTC haina masharti. Anahudhuria darasa, anavaa sare, akichoka anaondoka zake. Mkataba ni mwaka wa tatu.

Dira_na_Ramani

Alichosema @ButiJeusi ni kweli kwa kadeti asiye na skolashipu tu, na hapo ndipo familia nyingi zinapoingia mkenge. Ngoja nieleze kwa upande wa jeshi la nchi kavu.

Mafunzo yamegawanyika mara mbili. Kozi ya msingi ni mwaka wa 1 na wa 2, kozi ya juu ni mwaka wa 3 na wa 4. Mwanafunzi anayejilipia ada anaweza kusoma kozi yote ya msingi bila kuwiwa chochote. Akitaka kuendelea na kozi ya juu, analazimika kutia saini mkataba, anaapishwa, na kuanzia hapo ni mali ya jeshi.

Mwenye skolashipu ya miaka 4 yeye anatia saini mapema, mara nyingi muhula wa kwanza. Sheria inampa mwaka mmoja wa kupima. Akiondoka kabla mwaka wa 2 haujaanza, hadaiwi kitu. Siku ya kwanza ya masomo ya mwaka wa 2 ikimkuta bado yumo, amefungwa. Kwa hiyo tarehe ya kuzungushia wino kwenye kalenda yenu si ya kutia saini, ni ya kufungua chuo mwaka wa pili. Kiangazi kabla ya siku hiyo kaeni naye chini, mumuulize kwa uzito wote kama bado anataka. Akinyamaza kwa kuona haya, akavuka siku hiyo huku moyo haupo, kujitoa kutakuwa na gharama.

Kinachofuata baada ya kamisheni: kila afisa ana wajibu wa jumla ya miaka 8. Aliyesomeshwa kwa skolashipu hutumikia miaka 4 kazi ya muda wote, na 4 inayobaki anakuwa kwenye orodha ya akiba. Asiye na skolashipu ni 3 ya muda wote na 5 ya akiba. Ipo pia njia ya kutumikia miaka yote 8 katika Walinzi wa Taifa au jeshi la akiba, yaani wikendi moja kwa mwezi na kama wiki mbili kwa mwaka, huku ana ajira yake ya uraiani. Kwa mhandisi hiyo ni njia ya kufikiria sana. Lakini akumbuke wanajeshi wa akiba nao huitwa na kupelekwa nje, wasimdanganye kwamba ni wikendi tu.

Kuhusu yule sajenti: hapana. Ofisi yake inaandikisha askari wa kawaida, hicho ndicho anachopimiwa kazini. Mlango wa ROTC uko chuoni. Kila kikosi cha ROTC kina mtu wa kupokea wanafunzi wapya, na juu yake yupo profesa wa sayansi ya kijeshi, kwa kawaida ni luteni kanali. Hao ndio wa kuandikiwa barua pepe, tena sasa hivi akiwa darasa la 11.

Fomu_Kwanza

Niongeze kwenye uraia, kwa sababu hapa ndipo tarehe zenu zinabana kuliko mnavyodhani.

Skolashipu na mkataba vinahitaji uraia wa Marekani. Mwenye grini kadi anaruhusiwa kukaa kwenye madarasa ya kozi ya msingi, lakini hatii saini, hapati posho, na hapandi kozi ya juu.

Sasa habari njema. Baba akiapishwa kabla binti hajatimiza 18, na binti ana grini kadi na anaishi chini ya ulezi wa baba huyo hapa nchini, anakuwa raia palepale kwa nguvu ya sheria, bila kujaza N-400 yake. Akitimiza 18 kabla ya kiapo cha baba, mlango huo umefungwa. Itabidi aombe mwenyewe, tena akiwa amekaa miaka 5 na grini kadi. Kumbuka kinachohesabika ni siku ya kiapo. Baba anaweza kufaulu usaili Desemba akaitwa kuapa Machi, na binti akapitwa kwa wiki chache. Usaili ukiisha, baba aulize hapohapo kama ofisi hiyo inaapisha siku ileile.

Akishapata uraia kwa njia hiyo, hakuna karatasi itakayokuja yenyewe kwa posta. Mwombeeni pasipoti ya Marekani mara moja. Ndiyo ushahidi wa haraka na wa bei nafuu. Cheti cha uraia kwa fomu N-600 nacho kinafaa, ila kinachelewa na ada yake ni kubwa. Viambatanisho: cheti cha kuzaliwa cha binti kilichotafsiriwa kama hakiko kwa Kiingereza, cheti cha uraia cha baba, grini kadi ya binti, cheti cha ndoa ya wazazi. Majina yafanane herufi kwa herufi. Cheti cha kuzaliwa kikisema Mariamu na grini kadi ikisema Mariam, shughulikieni leo. Jina la tatu la babu lililoingia kwenye karatasi moja na kukosekana kwenye nyingine ni chanzo cha kawaida kabisa cha faili kurudishwa kwa watu wetu.

Kuna jambo jingine ambalo familia za kwetu hulisahau: uchunguzi wa usalama. Afisa lazima awe na kibali cha kuona taarifa za siri, na fomu yake, SF-86, inauliza miaka 10 ya makazi, ajira na shule bila pengo, safari za nje, ndugu wa karibu walio nje na uraia wao. Kuwa na shangazi na babu nje ya nchi si kosa. Kuwa na uraia mwingine au pasipoti ya nchi nyingine pia hakumwondoi mtu moja kwa moja. Kinachoharibu ni kuficha. Anzeni daftari leo: kila anwani aliyoishi na mwezi alioingia na kutoka, kila safari ya kwenda nyumbani na tarehe zake, majina kamili na tarehe za kuzaliwa za wazazi na ndugu wote, hata wa baba mmoja mama mwingine. Kukusanya hayo akiwa chuoni kwa wiki moja, bibi hapokei simu, ni mateso.

DaktariWaKambi

Pumu. Kipimo cha afya cha ROTC kinasimamiwa na DoDMERB, bodi ya wizara ya ulinzi ya kupitia afya za waombaji, si ofisi ile ya askari wa kawaida. Wao humpangia daktari na mpima macho karibu na nyumbani, gharama ni ya serikali. Kabla ya hapo anajaza dodoso refu la historia ya afya.

Mstari wa pumu ni siku ya kutimiza miaka 13. Dalili, utambuzi au dawa baada ya siku hiyo humfanya asifae, mpaka apewe msamaha. Kama inhela ya mwisho ni miaka 11, yuko upande salama, lakini lazima aiandike na tarehe ziwe na ushahidi. Ombeni rekodi kamili za daktari wa watoto sasa hivi. Mzisome ukurasa kwa ukurasa, kwa maana tatizo huwa hili: binti aliacha inhela akiwa na 11, ila akiwa na 14 alikohoa baada ya mafua, daktari akaandika "pumu" kwenye orodha ya matatizo kwa kuinakili ya zamani na akaongeza inhela "ikihitajika" ambayo hakuna aliyekwenda kuichukua. Kwa msomaji wa faili, huyo ana pumu akiwa na miaka 14. Likiwepo jambo kama hilo, mrudieni daktari aliyeandika, aeleze kwa maandishi ukweli ulivyo. Akiona inafaa ampe na kipimo cha pumzi.

Kukataliwa mara ya kwanza si mwisho. Barua ya "hafai" hutolewa kwa wengi, kisha jeshi husika huamua kama linamwombea msamaha. Jeshi moja linaweza kumsamehe mtu ambaye lingine limemkataa. Barua ya kuomba maelezo zaidi ya kitabibu ikija, ijibuni haraka na kwa ukamilifu. Mafaili mengi hayafi kwa ugonjwa, hufa kwa kukaa kimya.

Na asifiche hata kimoja. Mzio wa karanga uliompeleka hospitali, dawa za kusaidia umakini darasani, mfupa uliovunjika wenye chuma ndani, vyote viandikwe. Uongo ukigundulika baada ya mkataba unahesabiwa udanganyifu, na hapo pesa zinarudishwa.

MamaWawili

Asanteni sana, mmenifumbua macho. Baba yake anapiga simu leo kuulizia kiapo. Naomba mtu anieleze pesa, na je, jeshi la anga au la majini hayamfai zaidi kwa kuwa ni uhandisi?

Wino_wa_Bluu

Mama, pesa kwanza. Skolashipu ya jeshi la nchi kavu inakuchagulisha: ada yote na malipo ya lazima ya chuo, au chumba na chakula badala yake, ambacho kina kikomo kwa mwaka. Juu ya hapo kuna dola 1,200 kwa mwaka za vitabu na posho ya dola 420 kwa mwezi wakati wa masomo, isiyokatwa kodi. Asiye na skolashipu lakini mwenye mkataba hupata posho hiyo pia. Sare na vifaa ni bure.

Msichague "ada" kwa mazoea. Jazeni FAFSA kwanza, ile fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali. Ruzuku ya Pell, msaada wa serikali kwa wanafunzi wenye kipato kidogo, inaweza kukaa pamoja na skolashipu ya ROTC. Kama Pell na msaada wa jimbo vinamaliza ada ya chuo cha umma, basi kuchagua chumba na chakula ndiko kunakookoa pesa. Vyuo vingi vya binafsi navyo humpa mwenye skolashipu ya ROTC chumba na chakula bure ili wampate, kwa hiyo ulizeni kila chuo kwa maandishi.

Kuhusu jeshi gani. La majini linapenda wahandisi kuliko wote: angalau asilimia 85 ya skolashipu zake za upande wa Navy (wanamaji wenyewe, si Marine, askari wao wa kutua pwani) huelekezwa kwenye uhandisi, hisabati na sayansi. Lakini lina sharti zito. Kadeti wa Navy lazima amalize kalkulasi mihula miwili kabla mwaka wa 2 kuisha, na fizikia yenye kalkulasi mihula miwili kabla mwaka wa 3 kuisha. Mhandisi anasoma hayo hata hivyo, ila akianguka somo moja ratiba nzima inatetemeka. Wajibu baada ya hapo ni miaka 5 kwa Navy, 4 kwa Marine.

Jeshi la anga lina kichujio ambacho wengi hawaambiwi. Majira ya kuchipua ya mwaka wa 2 kuna bodi inayochagua nani aende mafunzo ya uwanjani ya kiangazi, Maxwell, Alabama. Wanaangalia GPA, mtihani wa AFOQT wa wanaotaka uafisa wa anga, mazoezi ya mwili na nafasi aliyopewa na kamanda wake kati ya wenzake. Asiyechaguliwa hapandi kozi ya juu, hata awe mwema kiasi gani. Kwa aliyechaguliwa, wajibu wa kawaida ni miaka 4, lakini rubani ni 10 tangu amalize mafunzo ya urubani.

Kwa anga na majini, skolashipu imefungamana na kozi aliyoombea. Kuhama kutoka mitambo kwenda biashara bila ruhusa ni kuiweka rehani. Nchi kavu ni walegevu zaidi hapo.

Hakuna kinachomzuia kuomba zote tatu kwa pamoja. Maombi hufunguliwa kabla ya darasa la 12 kuanza. La nchi kavu hukaa kwa bodi zaidi ya moja kuanzia vuli, kwa hiyo anayekamilisha faili mapema hupitiwa mara kadhaa, anayemalizia dakika za mwisho hupitiwa mara moja. Alama za chini za nchi kavu ni GPA 2.5 na SAT 1000 au ACT 19 (mitihani ya kuingilia chuo), lakini hizo ni za kuruhusiwa kuomba tu. Anayetaka kushinda alenge juu zaidi.

Dira_na_Ramani

Niende kwenye ratiba, kwa sababu uhandisi na ROTC vinagongana hapo.

Wiki ya kawaida ina mchakamchaka asubuhi tatu, mara nyingi saa 12 hadi saa 1, darasa lenye urefu wa saa moja mwaka wa kwanza, unaofika saa tatu kwenye kozi ya juu, na maabara ya uongozi, yaani mafunzo ya vitendo, yenye urefu wa saa mbili hivi mchana mmoja. Kila muhula kuna wikendi moja ya porini. Kinachowaangusha wahandisi si jumla ya saa hizo. Ni kwamba maabara ya kemia au ya mitambo mara nyingi imewekwa mchana uleule wa maabara ya uongozi. Kabla ya kujiandikisha masomo, achukue ratiba ya ROTC aiweke chini kwanza, halafu apange maabara zake kuizunguka.

Kuna fomu ya 104-R, mpango wa masomo wa muhula kwa muhula mpaka kuhitimu, unaotiwa saini na mshauri wake wa kitaaluma. Aijaze kwa ukweli. Madarasa ya ROTC mara nyingi hayahesabiki ndani ya kozi ya uhandisi, yanaongezwa juu. Kama hesabu inaonyesha miaka minne na nusu, iandikwe hivyo tangu mwanzo, na aulize muhula wa ziada unalipwa na nani. Skolashipu ya miaka 4 ni mihula 8. Anayejipangia miaka 4 kwa matumaini hukuta muhula wa 9 hauna mlipaji.

Kiangazi baada ya mwaka wa 3 anakwenda kambi ya juu, Fort Knox, Kentucky, zaidi ya mwezi mmoja. Bila kuifaulu hakuna kamisheni. Wengi hubwagwa na ramani na dira, si nguvu. Makosa ni yaleyale: kusahau kugeuza pembe ya kaskazini ya ramani kuwa ya dira, kushika dira karibu na bunduki au simu, na kutojua hatua zake. Kila kadeti lazima ajue anakanyaga mara ngapi kwa mita 100 kwenye tambarare, na ajue kwamba kwenye kichaka, mlimani na usiku hatua hufupika, idadi inapanda. Mwenye idadi ya uwanja wa mpira pekee atasimama mita 60 kabla ya alama, ataamini amefika, ataanza kuzunguka. Aanze kujipimia mwaka wa kwanza, akiwa na mzigo mgongoni.

PushapuMia

Mazoezi ya kuombea skolashipu ni matatu: sitapu dakika 1, pushapu dakika 1, kukimbia maili 1. Mwalimu wa michezo anaweza kusimamia. Pushapu isiyohesabiwa ni ile ambayo mkono wa juu haukufika sambamba na sakafu, au kiuno kimelegea. Afadhali 25 safi.

Akishaingia atakutana na AFT, kipimo kilichoanza kutumika mwaka 2025: kunyanyua chuma kutoka chini mara 3, pushapu za kuachia mikono, mbio za kuburuta na kubeba mizigo, planki, na maili 2. Chini kabisa ni alama 60 kila kituo, jumla 300. Wasichana wanaofika wakiwa wakimbiaji wazuri huwa wanakwama kwenye chuma. Aanze kujifunza mkao sahihi sasa na uzito mdogo, mgongo umenyooka, chuma kikipita karibu na mguu. Nguvu ya kunyanyua inajengwa kwa miezi.

Fomu_Kwanza

Swali lako la tatu, mama, halijajibiwa. GPA ikishuka chini ya 2.0, hatua ya kwanza si kufukuzwa. Huwekwa kwenye uangalizi, malipo yanaweza kusimamishwa muhula huo. Asipoinuka, au akivunja mkataba kwa dawa za kulevya, udanganyifu wa mtihani au kujitoa mwenyewe, kunafunguliwa kesi ya kuondolewa. Ana haki ya kusikilizwa na kuleta ushahidi, na barua hiyo ina siku chache za kujibu, asiiweke mezani. Ikiamuliwa aondolewe, jeshi lina njia mbili: kumdai fedha zote zilizolipwa, pamoja na riba, au kumwita kutumikia kama askari wa kawaida. Deni ni la kwake mwenyewe, si lako wala la baba yake, kwa sababu mtia saini ni yeye. Ila akiwa bado hajatimiza 18 siku ya kutia saini, nyinyi wazazi mtaombwa saini ya ridhaa.

Kuumia kwenye mazoezi rasmi ni suala tofauti. Aripoti siku hiyohiyo, iandikwe. Mguu uliotegukia kwenye mchakamchaka na ukafichwa wiki tatu ni vigumu sana kuuthibitisha baadaye.

ButiJeusi

Nimeelewa tofauti. Swali dogo: anaweza kupelekwa vitani akiwa bado anasoma?

Dira_na_Ramani

Hapana. Kadeti mwenye mkataba hapelekwi. Hata aliyejiunga na Walinzi wa Taifa huku yuko ROTC, akilipwa kwa kiwango cha sajenti kila wikendi ya mazoezi, kikosi chake kikiondoka yeye anabaki chuoni mpaka apate cheo cha luteni usu.

MamaWawili

Baba ameshapiga. Usaili ni mwezi ujao, na ofisi ile inaapisha siku hiyohiyo kwa baadhi ya waombaji. Nimeomba rekodi za daktari wa watoto leo, kurasa zote. @DaktariWaKambi, nikikuta lile neno mahali popote baada ya miaka 13 nitarudi hapa kuuliza barua ya daktari inaandikwaje.

DaktariWaKambi

Rudi, mama. Barua iwe na mambo manne tu: tarehe ya dawa ya mwisho aliyoitumia kweli, sababu ya kile kikohozi, matokeo ya kipimo cha pumzi kama amepimwa, na kauli kwamba tangu tarehe fulani hana dalili wala dawa. Ukurasa mmoja, saini na muhuri wa kliniki.